Ulizeni Kwanza Kahawa Imefika Wapi

Wanangu, nimeusoma mpango wenu wa likizo ya Kilimanjaro. Hamtaki kupanda mlima, mnataka kukaa kwenye mashamba ya kahawa, mle ndizi, mpumzishe vichwa na foleni za Dar. Wazo ni zuri. Ila mmeanza na hoteli, mkafuatisha maporomoko ya maji, kahawa yenyewe mkaibana asubuhi moja, kati ya maporomoko na chakula cha mchana. Mimi shangazi yenu nimezaliwa migombani na nimezeekea humohumo. Nivumilieni niupange upya.

Swali la kwanza si mtalala wapi. Ni kahawa itakuwa imefika wapi siku mtakapofika. Huku kwetu, hali ya barabara, hali ya mfuko wa mwenyeji na hata muda alionao wa kuzungumza nanyi vinafuata hiyo.

Kahawa huanza kuiva ukanda wa chini kuanzia Julai, kisha uvunaji hupanda polepole hadi Novemba na Desemba kule karibu na msitu, ambako baridi huchelewesha tunda. Hata mti mmoja hauivi kwa mkupuo. Tawi moja hubeba za kijani, za njano na nyekundu, ndiyo maana wachumaji huurudia mti uleule mara kadhaa kwa msimu, wakitoa nyekundu tu. Mkija Septemba au Oktoba mtakuta kazi imepamba moto, mvua za vuli hazijakolea, na mlima huonekana alfajiri na jioni kabla mawingu hayajaufunika. Hiyo ndiyo miezi ninayowachagulia. Julai na Agosti kahawa ipo, lakini ukungu unaweza kukaa siku kadhaa msiione theluji hata kwa dakika tano, na baridi yake si ya kiyoyozi. Leteni sweta la kweli, si kile kijishati chenye kofia mnachovaa mkienda sinema.

Januari na Februari ni jua na mlima mweupe, ila uvunaji umekwisha. Mtakuta watu wanapogoa miti. Mkibahatika mvua inyeshe baada ya ukavu, vitumba hufunguka kwa pamoja siku chache baadaye na shamba zima hunukia asumini, kisha maua husinyaa upesi. Hayo hayapangiki, msijenge safari juu yake. Machi hadi Mei ni masika. Msije. Udongo wetu mwekundu ukilowa huwa utelezi mtupu, bodaboda huanguka, na maporomoko mnayoyatamani huwa yamejaa kiasi kwamba hamtaweza kuyasogelea.

Sasa Desemba, maana najua ndiyo mwezi ofisi zenu zinatoa likizo. Kuanzia katikati ya mwezi Mchagga wa kila mahali anarudi nyumbani, wa Kariakoo, wa Mwanza, wa Tunduma. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha, magari yenye vumbi la mikoa yote hujipanga kwenye vichochoro vilivyopimwa kwa ajili ya ng'ombe mmoja, na kila wiki kuna harusi, ubatizo na vikao vya ukoo vya kugombania mipaka. Mabasi hujaa, nauli huleta maneno kila mwaka, vyumba vya wageni hupanda bei. Kama umealikwa na mwenzako kwao, njoo, hutaiona Uchaggani hai kuliko siku hizo. Kama hukualikwa, utakuwa mtu asiye na kwao katikati ya watu walioko kwao, na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukuonyesha mti wa kahawa. Ombeni likizo ya Oktoba. Bosi akikataa, afadhali mwisho wa Januari.

Tukishaelewana hapo, ndipo tuzungumze pa kulala. Moshi mjini ni pazuri, pana soko na migahawa, lakini kuko chini na kuna joto. Kahawa iko juu. Chagueni sehemu moja mlimani, iwe Marangu, Machame, Kibosho, Materuni au Kilema, mkae hapohapo siku tatu au nne bila kuhamahama. Najua mnapenda orodha ndefu ya mahali mlipofika. Lakini siku ya kwanza mwenyeji anakuonyesha anachowaonyesha wageni wote. Siku ya tatu anakusahau, anaendelea na kazi zake, na hapo ndipo unapoanza kuona. Siku hizi kuna familia zinazopokea wageni nyumbani na kuna vikundi vya utalii wa utamaduni vyenye waongozaji wa kijiji. Pigeni simu, mwulize mambo mawili: nyumba iko ndani ya kihamba au kando ya lami, na katika pesa mtakayolipa, mwenye kihamba anapata kiasi gani. Mwongozaji mzuri hatakasirikia swali la pili. Anayekasirika, tafuteni mwingine.

Kihamba ndilo jambo ambalo vijana wa mjini hamlijui vizuri, hata nyinyi ambao babu zenu wamezikwa humo. Wageni huja wakitafuta shamba la kahawa, safu ndefu zilizonyooka na kibao getini. Mashamba makubwa ya namna hiyo yapo. Lakini kahawa yetu wengi iko uani: juu kuna mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage, na nyuma ya nyumba banda la ng'ombe anayeletewa majani na kurudisha mbolea. Katikati hupita mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuleta maji kutoka kwenye mito ya msituni, na kila nyumba ina zamu yake. Kwa hiyo mkiingia kuangalia kahawa mmeingia jikoni kwa watu. Ni ardhi ya urithi, na waliotangulia wamelala humohumo, mara nyingine kaburi lisilo na saruji, lenye masale tu pembeni. Masale ni yale majani marefu mnayoyaona pia mipakani. Ndiyo tunayotumia kuombana msamaha na kusuluhishana. Msiyang'oe kupambia picha.

Adabu nyingine ni ndogondogo, lakini huhesabiwa. Pigeni hodi hata kama hamuoni mlango, maana mpaka wa kihamba ndio mlango. Salamu kwanza, maswali baadaye, kamera mwisho kabisa. Mzee akiwapa kitu semeni "aika", ndiyo asante yetu, atacheka na mtakuwa mmeshaingia. Msinawe miguu yenye matope kwenye mfongo, kuna mtu anachota maji hapo chini. Na msichume tunda la kahawa kwa kulijaribu bila kuomba. Mtu wa Dar huona kitunda chekundu kimoja, lakini sisi tunajua inahitajika kama kilo 6 za matunda kupata kilo 1 ya kahawa safi. Tena anayevuta kwa pupa huondoka na kijicho cha tawi, na hapo ndipo maua ya mwakani yangechomoza.

Kuhusu ile ziara ya kahawa mliyoilipia mtandaoni. Mtapewa kinu na mchi, mtatwanga mkiimba na kupiga makofi, mtapepeta, mtakaanga kwenye chungu juu ya kuni, mtasaga na kunywa palepale. Ni furaha na kahawa ile ni tamu, sina ugomvi nayo. Vijana wengi wa vijijini wanasomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Ila mjue kwamba kutwanga kule ni kwa ajili yenu. Kahawa inayolipa ada ya shule haipiti kwenye kinu.

Njia yake ni nyingine, na mkija msimu wenyewe mnaweza kuiona yote. Ombeni kuchuma nusu siku na familia, ndoo kiunoni, bila malipo wala haraka. Jioni tunda lililochumwa humwagwa kwenye maji. Bovu huelea, linatolewa. Linalobaki lazima limenywe siku hiyohiyo, kwa mashine ya mkono nyumbani au kwenye kiwanda kidogo cha pamoja ambacho wakulima hukiita CPU, maana likilala linaanza kuchacha ndani ya ganda na ladha imeharibika. Likishamenywa, punje zenye utelezi hulazwa zichache hadi utelezi uachie, huoshwa, kisha huanikwa kwenye vichanja, zikiwa bado na ganda lao gumu. Hapo vichanjani ndipo ningependa mkae. Utaona mama anazigeuza kwa viganja kutwa nzima, anaokota zilizovunjika, anazifunika jua likiwa kali na wingu likijikusanya. Hali hiyo huendelea wiki moja, mara nyingine mbili. Muulizeni anajuaje zimekauka. Atauma moja mbele yenu.

Kutoka hapo gunia huenda chama cha msingi, halafu kiwanda cha kukoboa, ambako punje huchambuliwa kwa ukubwa na kupewa daraja: AA ndizo kubwa, PB ni zile za mviringo zilizoota moja badala ya mbili ndani ya tunda. Ndipo huingia mnadani. Mkulima hupewa malipo ya kwanza anapofikisha gunia, na nyongeza baadaye, mauzo yakiwa mazuri. Kwa hiyo mkimkuta mwenyeji wenu mkimya Oktoba, msidhani hapendi wageni. Huenda gunia lake limeshaondoka na bei bado haijarudi.

Na mtashangaa, mtakutana na wazee wengi kuliko vijana. Kahawa ililetwa mlimani na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi hawakufurahia kumuona Mchagga akiilima mwenyewe, lakini mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao kila mtoto wa rika langu alilijua jina lake kabla hajajua kusoma. Shule, zahanati, mabati ya kwanza, vingi vilitoka kwenye kile kitunda. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia yaliyokuwa yakidhibiti kiasi cha kahawa sokoni yalivunjika, bei ikaporomoka, na miaka ya tisini soko letu likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Baba zenu walikuwa vijana wakati huo. Walihesabu, wakapanda basi. Waliobaki wengine wamegeukia maziwa, parachichi na nyanya. Kule Lyamungo, wilaya ya Hai, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, imetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na mtaona mashamba yaliyopandwa upya yakiwa mabichi kabisa karibu na miti ya zamani iliyochoka. Nawaambia haya ili msiwaulize wazee "mbona msing'oe mpande kitu kingine?" Wameulizwa sana, na wanaojua hesabu yake ni wao.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozaji mwanamume hatawaambia. Kahawa ilihesabiwa mali ya baba. Ndizi, maharage na maziwa ya mama. Kuchuma tulichuma sote, sisi na watoto zaidi, lakini jina kwenye kitabu cha ushirika lilikuwa lake. Mambo yanabadilika, siku hizi wapo wanawake wenye namba zao za uanachama na wenye miche yao. Lakini katika nyumba nyingi zawadi ikikabidhiwa sebuleni inaishia sebuleni. Sukari, majani ya chai, sabuni na mkate mliokuja navyo, pitieni jikoni mkamkabidhi mama mkononi.

Ndiyo, majani ya chai. Mtakuja kwenye nchi ya kahawa na asubuhi mtaletewa chai ya maziwa. Kahawa kwetu ni ya kuuza. Nyinyi mliozoea vijiwe vya Pwani, kikombe kidogo kichungu na kashata, mnakunywa kahawa kuliko sisi tunaoilima. Mkiitaka nyumbani ombeni jana yake, si asubuhi ileile.

Chakula hakitawashinda. Mtori wa ndizi mshare na nyama laini, machalari, kiburu cha ndizi na maharage, vyote ni vya kushibisha, na mlimani mtu hula sana bila kujijua. Rafiki yenu Mwislamu aulize kabla ya supu ya mbuzi, maana kisusio huwekwa damu, na aulize pia nani amechinja. Aulize mapema na kwa uwazi, hakuna atakayechukia; kitakachochukiza ni kukaa na bakuli lililojaa bila kusema kitu. Mbege ni hivyohivyo. Ni ya ndizi mbivu na ulezi, ni nzito, ina uchachu wa kudanganya, na mtu huiona kama uji hadi anaposimama. Asiyekunywa aseme wakati kata bado iko mbali. Anayekunywa asiendeshe gari kwenye zile kona za kutelemkia Himo. Hilo silijadili.

Jumapili asubuhi msimpangie mtu kazi ya kahawa. Machame na Marangu wengi ni Walutheri, Kilema, Kibosho na Rombo wengi Wakatoliki, na kengele ikilia mashamba hunyamaza. Nendeni kanisani hata kama hamsali, mkae nyuma, kisha msubiri nje baada ya ibada: sadaka za mazao, mkungu, kuku, mayai, huuzwa kwa mnada hapo uwanjani. Hakuna soko la ndizi lenye utani mwingi kama lile. Mkungu ukikushinda bei, mzee mmoja atakuongezea mia tano kwa sauti kubwa ili uaibike umalizie.

Matembezi mengine yapimeni kwa miguu yenu. Maporomoko ya Materuni, juu ya Moshi, na ya Kinukamori kule Marangu yanatosha. Chagueni lililo karibu na mnapolala, msikimbilie yote. Vaeni viatu vyenye meno. Old Moshi kuna mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa pale, tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake, kinachosemekana kupelekwa Ujerumani, kinatafutwa hadi leo. Ningependa mpite pale, mkiwa na mtu wa kijiji wa kuwasimulia. Chemka ni maji mazuri ya kuogelea, ila iko tambarare kwenye joto na vumbi, siku yake ni nyingine kabisa. Ziwa Chala litazameni kutoka juu. Kingo zake zimesimama, kina ni kirefu mno, msiogelee.

Mkitaka kuonja mlima bila kuupanda, kuna safari ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, mita kama 2,720, kupitia msituni. Ni lazima muwe na mwongozaji mwenye leseni. Bebeni vitambulisho vya taifa, maana Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni na mlangoni hawachukui maneno, wanachukua kadi. Na malipo yenyewe si ya fedha taslimu.

Njia ya kuja mnaijua. Basi la alfajiri kupitia Chalinze, Korogwe, Same na Mwanga, zaidi ya kilomita 500, kaeni kushoto mkifika Mwanga mkatafute mlima. Treni ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kulala. Ni ya polepole, na kwa mtu asiye na haraka ni nzuri kuliko basi, lakini ratiba yake ithibitisheni stesheni kabla hamjaaga kazini. Kutoka Moshi hadi Marangu ni kama kilomita 40, daladala zipo hadi jioni. Msifike usiku. Vichochoro vya migombani havina taa wala vibao, na mtampigia simu mwenyeji akiwa ameshalala.

Kahawa ya kurudi nayo nunueni iliyokaangwa, Moshi, siku ya mwisho. Tazameni tarehe ya kukaanga, si tarehe ya kuisha muda, na kama hamna kinu cha kusagia nyumbani waambieni wawasagie kiasi kidogo tu, maana ikishasagwa harufu haikai. Msishawishike kununua magunia ya kahawa ghafi kwa mkulima mkidhani mnamsaidia. Biashara hiyo ina leseni yake na mtamwingiza mtu kwenye matatizo na chama chake. Anayetaka kumsaidia anunue ndizi zake na alipie vizuri chumba alicholala.

Sasa nirudishieni tarehe. Kama ni wiki ya pili ya Oktoba, nitaongea na mama mmoja wa Kilema mwenye vyumba viwili na vichanja vitatu nyuma ya nyumba. Niambieni mko wangapi, nani hali nyama, na nani kati yenu anakoroma, maana kuta zake ni za mbao.